Meno ya Mbuzi wa Bahi

Ndugu zangu, tangu nirudi kutoka Kondoa mmekuwa mkiniuliza kulikuwa na nini huko hata nimekonda hivi, nami nimekuwa nikiwajibu kwamba barabara ilikuwa mbaya. Barabara ilikuwa mbaya kweli, lakini hilo si jibu. Nimeona afadhali niandike mara moja msome wote, maana kwa mdomo najikuta namsimulia kila mmoja kipande kile tu ninachoweza kukisema mbele yake. Jina la kijiji sitalitaja. Wenyewe wamekwisha kutajwa vya kutosha.

Kilichonitoa Dodoma

Mnakumbuka ile kazi ya mifupa. Wanakijiji walikuwa wakichimba msingi wa zahanati, juu kidogo ya chemchemi, wakakuta kaburi la kale. Ofisi yetu ya mambo ya kale ikatumwa, mimi na mkuu wangu wa kazi tukakaa huko wiki mbili. Ndani ya kaburi alikuwamo mwanamke, amelazwa ubavu, na shanga za maganda ya yai la mbuni shingoni. Mimi nililala kwa Bi Aziza, mjane ambaye shamba lake lilipakana na chemchemi. Siku shanga zilipotoka udongoni, Bi Aziza alisema kwamba katika ukoo wao husimuliwa habari za mama mmoja, mzaliwa wa pale pale, aliyefyeka pori lake kwanza, akazikwa juu ya maji na shanga zake. Shamba lile kwao hurithiwa na binti kutoka kwa mama.

Mifupa na meno vilipelekwa ng'ambo kwa mtaalamu mwenye maabara. Mifupa ilimwambia chakula: yule mama alikula nafaka za aina ya mtama na uwele. Meno yalitakiwa kumwambia alikokulia. Mtoto anapoota meno ya ukubwani, maji na chakula cha ardhi ile huacha alama ndani ya jino, na alama hiyo haifutiki hata akihama. Lakini huwezi kuisoma peke yake. Lazima kwanza ujue ardhi ya pale huacha alama gani, na kwa hiyo unachukua meno ya mnyama aliyezaliwa na kulishwa pale pale, ukalinganisha. Mbuzi ndiye shahidi.

Mimi nilitumwa kumleta huyo shahidi. Nilipewa Landrova na siku nne. Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa, Bahi yote, kule magharibi ya Dodoma, ilijaa maji na kambale walikuwa wengi kama mchanga, na mke wangu alikuwa ameanza kuuza samaki sokoni. Enzi hizi za ruksa ya biashara kila mtu kazini alikuwa na mradi wake, na sisi tulikuwa tukiambiwa kila mwezi kwamba watu watapunguzwa. Sikwenda Kondoa. Nilikwenda Bahi, nikajaza Landrova samaki wa kukausha, na nilipopita machinjioni huko huko nikachukua mataya matano ya mbuzi. Niliyatia kwenye mifuko, nikaandika juu yake jina la kijiji cha Kondoa, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Majibu yalirudi mwaka uliofuata. Alama ya meno ya yule mama ilikuwa mbali na ya mbuzi, kwa hiyo hakukulia pale, alitoka kwingine. Mkuu wangu akaenda kuwasomea wanakijiji, nami nikaenda naye. Na kwa kuwa lugha yake ni ya kiofisi, mimi ndiye niliyesimama kufafanua. Nilisema: huyu mama si wa hapa. Bi Aziza alikuwa amekaa mstari wa mbele. Nami nilikuwa nikijiambia kwamba mbuzi ni mbuzi, nyasi ni nyasi, huenda majibu yangekuwa yale yale.

Basi mwezi wa kumi uliopita nikakutana na mwalimu mkuu wa shule ya pale, Mwalimu Rajabu, amekuja Dodoma kikazi. Katika kuzungumza akaniambia, kama habari ya kawaida, kwamba Bi Aziza ameliachia shamba la chemchemini, amelikabidhi kwa jirani yake Mzee Idi, kwa sababu ilionekana kwamba ukoo wake ni wageni. Nikaomba likizo juma lile lile. Nyumbani nilisema nakwenda kumwona mgonjwa.

Dodoma hadi korongoni

Nilipanda basi la asubuhi, nikapewa kiti cha nyuma kabisa, juu ya gurudumu. Magotini nilikuwa na kisanduku changu cha kazi, nilichozoea kusafiri nacho. Kabla hatujafika Mayamaya basi liliruka kwenye shimo, kisanduku kikaanguka na kufunguka, vitu vikatawanyika: koleo, misumeno midogo, brashi, na vijifuko vitupu vilivyoandikwa “meno”. Kondakta alinisaidia kuviokota. Akaniuliza kama ninashughulika na meno. Nikasema ndiyo.

Haikupita dakika kumi nikahamishiwa mbele, kiti cha pembeni ya dereva, penye dirisha. Abiria waliokaa hapo walisogea wenyewe. Mzee mmoja aliniita daktari, akanipa ndizi mbivu. Nilielewa mara moja walichodhani. Ningeweza kusema neno moja tu. Lakini kiti kilikuwa kizuri, upepo unaingia, nami nikajisemea kwamba sikudanganya, ni wao waliokosea.

Tulipokaribia Chemba tulikuta korongo limejaa. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha milimani, maji mekundu yanakuja na magogo, na malori mawili yamesimama upande wa pili. Hakuna aliyelalamika sana. Tulishuka, kina mama wa karibu wakaleta ugali wa uwele na mlenda kwenye sufuria, na maziwa ya mgando kwenye vibuyu. Tulikula tukiwa tumechuchumaa kando ya barabara. Mlenda ule ulikuwa na karanga, sijala mzuri kama huo mjini.

Nilikuwa bado nanawa mikono alipokuja mwanamke mmoja, abiria mwenzetu, shavu limevimba hata jicho limefumba, mumewe nyuma yake. Alinisalimu kwa adabu, akasema hajalala siku tatu, walikuwa wakienda hospitali ya Kondoa, na kwa kuwa Mungu amemleta daktari njiani, ameomba maji yachemshwe. Kweli, kwa mama ntilie sufuria ilikuwa motoni. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika kutazama.

Nikamwambia mimi si daktari.

Alidhani nakataa kwa sababu ya malipo. Mumewe akasema wana kuku kwenye basi. Ikabidi niseme kwa sauti, wote wasikie, kwamba mimi hushughulika na meno ya watu waliokufa zamani, na koleo lile halijawahi kugusa mtu aliye hai. Watu wawili watatu walirudi nyuma. Yule mwanamke alinitazama kwa jicho lake moja.

“Sasa mbona hukusema tangu kule?”

Nikajitenga kando ya korongo. Maji yalipopungua, alasiri, nilirudi mwenyewe kwenye kiti cha nyuma, na kiti cha mbele wakampa yeye, kama ilivyopasa tangu asubuhi. Yule mzee wa ndizi hakunisemesha tena mpaka tunashuka.

Kondoa mjini

Sehemu hii ningependa kuiruka. Naiandika kwa sababu nikiiacha, mengine yote yatanisifu bila haki.

Asubuhi niliamka katika nyumba ya wageni. Nilikuwa nimejiandaa maneno ya kumwambia Bi Aziza, na kila nilipoyapitia yalikuwa mabaya zaidi. Nikatoka kutafuta chai. Karibu na soko palikuwa na bucha, na mbele yake vichwa vya mbuzi vimepangwa kwenye gunia. Nikasimama. Nikawaza: hawa ni mbuzi wa Kondoa. Nikipeleka mataya yao nikasema yale ya kwanza yaliharibika, majibu yatasahihishwa kule kule maabara, barua itakwenda kijijini, na hakuna atakayehitaji kuambiwa lolote.

Nilichagua vichwa vitano. Mwuza nyama alipokuwa akinitolea mataya ndipo nikakumbuka kuuliza mbuzi hao ni wa wapi. Akacheka.

“Nani ajuaye, bwana? Siku hizi biashara ni huria. Hawa wengine walishushwa juzi kutoka Singida, hawa sijui. Wewe unataka supu au unataka cheti cha kuzaliwa?”

Mngedhani hapo ningeyaacha. Sikuyaacha. Nilifungiwa mataya kwenye gazeti, nikaenda stendi, nikauliza basi la kurudi Dodoma. Lilikuwa halijajaa. Nikakaa kwenye benchi kungoja, furushi kwapani, damu inaanza kulowesha gazeti.

Hapo ndipo Mwalimu Rajabu aliponikuta. Alikuwa amekuja mjini kuchukua chaki na madaftari. Alifurahi mno. Akasema alijua tu kwamba nitakuja, kwamba siku ile Dodoma aliona jinsi uso wangu ulivyobadilika, na kwamba Bi Aziza mara kwa mara huuliza habari zangu. Akaninyang'anya kisanduku akakitia begani. Sikuweza kumwambia kwamba nilikuwa napanda basi la kurudi. Nikainuka nikamfuata. Nyuma ya stendi palikuwa na mbwa, nikawatupia lile gazeti na vilivyomo.

Kwa hiyo mkisikia mtu akisema nilikwenda kukiri kwa dhamiri yangu, mjue si hivyo. Nilikwenda kwa kuwa nilionekana.

Kupanda mlimani

Lori lilitufikisha chini ya mlima, kisha tukatembea mwendo wa karibu saa tatu. Mwalimu alizungumza njia nzima, kuhusu wazazi kuchangia madawati, kuhusu vijana wanaokimbilia Arusha kuuza mitumba. Mimi niliitikia tu. Tulipopita chemchemini nililiona shamba. Matuta yake yalikuwa yametengenezwa upya, vitunguu vimeota mistari mizuri, na mkewe Mzee Idi alikuwa akimwagilia. Alitupungia mkono.

Bi Aziza alikuwa amehamia nyumba ndogo upande wa pili wa bonde, penye changarawe. Alipotuona alitoka akijifunga kanga vizuri.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Baba Neema, umepotea mno.”

Mwalimu alituacha. Nikataka kusema pale pale mlangoni, lakini alisema hakuna mgeni anayezungumza na njaa, na akamkamata kuku. Nilimwomba asichinje. Akadhani ni adabu. Nilikaa kwenye kigoda nikisikia kisu kikinolewa, na baadaye nikala. Nilikula ugali wake na kuku wake, ananiongezea mchuzi, ananiuliza habari za mke wangu na watoto kwa majina. Katika safari nzima hakuna kitu ninachokionea aibu kama chakula kile.

Nilipokwisha kunawa aliingia ndani, akatoka na kiroba. Akakimimina juu ya mkeka mbele yangu. Yalikuwa mataya ya mbuzi, meupe, yameoshwa na kukaushwa juani, kila moja limefungwa kipande cha kitambaa.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku tuliyofunga kambi, baada ya kuchimba, nilimwomba kwamba akichinja mbuzi aliyezaliwa pale anihifadhie mataya, nitakuja kuyachukua. Yeye hakusahau. Kitambaa chekundu kilikuwa cha mbuzi wa sikukuu ya Idi el Haji, cha maua kilikuwa cha mbuzi mwenye ugonjwa wa miguu, aliyechinjwa kwenye arusi ya binti yake. Alinisimulia mama wa kila mbuzi, na alikochungwa.

“Hukuja,” alisema. “Nikadhani ni zile mvua. Halafu majibu yakaja, nikajua umepata mengine hapa hapa kijijini kwa mtu mwingine. Lakini sikuyatupa.”

Nikamwambia. Sikusema kwa ufasaha, nilirudiarudia. Nilisema sikuja kwa sababu nilikwenda kununua samaki. Nilisema mataya niliyopeleka sikuyapata kwa mtu yeyote wa hapa, na jina la kijiji nililiandika mimi.

Alianza kuyarudisha mataya kirobani moja moja.

“Yale yalikuwa ya wapi?”

“Ya Bahi, mama.”

“Mimi Bahi sijafika,” alisema.

Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, jinsi ilivyokuwa. Hakuna aliyemfukuza. Baada ya mkutano ule baadhi ya watu walianza kumtania kisimani, wakimwita mgeni, na yeye akawaza: watu wa elimu wamesoma mfupa wenyewe, na aliyesema ni Baba Neema aliyelala kwangu, hawezi kunisemea uongo. Akawaita wajukuu akawaambia kwamba yale aliyowasimulia si kweli, wasiyarudie. Halafu akaenda mwenyewe kwa Mzee Idi, ambaye ukoo wake husemwa kuwa wa pili kufika pale, akampa shamba. Aliona haya kuendelea kulima mahali pa wenyewe.

Nikaomba msamaha. Akasema, “Nimekusikia. Msamaha usiniharakishe. Leo nenda ukalale kwa Mwalimu.”

Jua lilikuwa bado juu. Nilivuka bonde peke yangu na kisanduku changu. Mwalimu alinifungulia mlango akanitandikia mkeka.

Kikao

Bi Aziza alitaka jambo moja, nalo nililetewa na Mwalimu alfajiri: niseme mbele ya wale wale niliowaambia kwanza. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha watu shuleni. Walikuja wengi, maana mvua ya usiku ilikuwa imewazuia wasiende shambani.

Nilisimama mahali nilipokuwa nimesimama mwaka ule. Nilisema nilidanganya, nikasema vipi na kwa nini. Nilipofika kwenye samaki, mtu mmoja nyuma alicheka, wengine wakamnyamazisha. Mzee Idi aliinuka taratibu. Ni mtu mpole, hana makuu. Alisema yeye hakumnyang'anya mtu, alifuatwa nyumbani kwake na shamba mkononi, kwa sababu ya karatasi yetu. Ametumia nguvu zake kwenye matuta yale, na mbegu zake zimo ardhini.

“Sasa tuambie,” akasema. “Yule mama ni wa hapa?”

Nilimwona Bi Aziza ameinua uso. Ningetoa chochote niseme ndiyo. Lakini nilikuwa nimechoka kusema nisichokijua.

“Sijui,” nikamjibu. “Hakuna anayejua. Meno niliyopeleka hayakuwa shahidi wa hapa. Mpaka yapelekwe ya kweli, na hata hapo yanaweza kuonyesha kwamba alitoka kwingine.”

Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walikasirika zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa uongo wenyewe. Mtu akasema basi shamba libaki lilivyo mpaka majibu yaje. Mwenyekiti akaonekana kukubali.

Ndipo Bi Aziza akaomba ruhusa.

“Mama yangu alilima pale,” alisema, “na mama yake alilima pale, nami nilimbeba mwanangu wa kwanza mgongoni nikilima pale. Hayo nayajua bila jino. Niliona haya bure. Mzee Idi, vuna vitunguu vyako, ni jasho lako. Ule upande wa juu usiopandwa naanza kesho.”

Mzee Idi alitazama chini, kisha akasema hana neno. Akaongeza kwamba jembe lake ni zuri kuliko la Bi Aziza, anaweza kuliazima. Kikao kikafungwa kwa dua. Kunihusu mimi hakikusema lolote. Watu walipita kando yangu wakienda makwao.

Barua

Usiku kucha baada ya kikao niliandika barua ya kumpa mkuu wangu, ili naye amwandikie mtaalamu wa ng'ambo. Kabla sijashuka mlima nilikwenda kuaga, nikamkuta Bi Aziza anafunga kiroba kwa kamba ya katani. Alinikabidhi. Nikamwambia kuna barua, na kwamba nimeeleza kila kitu.

“Nisomee,” akasema.

Nikasoma nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimeandika kwamba wakati wa ukusanyaji kulitokea mchanganyiko wa sampuli. Akaniinulia mkono.

“Mchanganyiko ni nini?”

“Ni vitu kuchanganyika, mama.”

“Vilijichanganya?”

Nikakaa kwenye kizingiti. Nikatoa kalamu, nikakata mstari ule, na juu yake nikaandika: *Nilidanganya. Nilichukua meno ya Bahi nikayaita ya huku.* Wino ulikuwa unavuja, karatasi ikachafuka. Akaniambia nianze tena kusoma tangu juu. Nilipomaliza aliitikia kwa kichwa mara moja, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani, akaenda zake shambani. Hakunisindikiza.

Safari ya kurudi haina cha kusimulia. Korongo lilikuwa limekauka.

Mkuu wangu aliisoma barua akiwa amesimama dirishani. Aliisoma mara mbili. Hakufoka. Aliniuliza ni nani mwingine anayejua, nikamwambia kijiji kizima. Akakaa, akanisogezea karatasi mpya nyeupe, akasema angalau niinakili upya, mstari ule niuweke vizuri, maana barua iliyokatwakatwa haifai kuingia kwenye jalada.

Nikamwambia haiwezekani, Bi Aziza mwenyewe amekwisha kuisikia ilivyo.

Akaigonga muhuri. Mataya yamekwenda, majibu hayajarudi, na tangu Jumatatu iliyofuata mimi nimeondolewa kwenye uchimbaji, nipo stoo.